Mashine Aliyoichagua Idi

Sahani za pilau zilikuwa bado hazijaondolewa mkekani Idi alipoanza kucheka. Ilikuwa arobaini ya baba yake, Mjomba Salum, fundi wa milango aliyenifundisha kazi, na wanaume walikuwa wamekaa barazani wakisubiri kahawa. Mimi nilikuwa ukumbini, dele la kahawa mkononi, natafuta vikombe. Nikamsikia akisema, "Mnaukumbuka mlango wa Bwana Nasoro? Zuhura aliuharibu, maskini. Haraka za kisichana. Na siku zenyewe alikuwa... basi, tuyaache hayo." Wakacheka kile kicheko cha chini ambacho wanaume hukicheka jambo la kike likitajwa nusu na kuachwa. Nina miaka hamsini na nne. Nina karakana yangu, mafundi watano na wajukuu wawili. Nililitua dele kwa kishindo mpaka kahawa ikanimwagikia kidoleni, na asije mtu akaniambia ni uzee. Ilikuwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Kwa hiyo mwaka ule nitausimulia mwenyewe, maana nimechoka kuusikia kwa mdomo wa Idi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Karakana ya mjomba ilikuwa chumba kirefu nyuma ya nyumba yake pale Gongoni, Tabora, chenye dirisha moja upande wa uani, kwa hiyo tulichonga tukisikia kila lililosemwa jikoni. Bi Tatu, mke wa mjomba, alipika ugali wa muhogo na mlenda wa karanga, na saa nne alitupitishia dirishani bakuli la michembe. Viazi vile vilivyokaushwa tulivitafuna polepole huku tukinoa patasi. Mbao ilikuwa mninga, na chumba kizima kilinukia mninga hata mvua ikinyesha. Mimi na Idi tulifanya kazi meza zinazotazamana. Yeye alikuwa mwepesi wa randa na mwepesi wa maneno. Mimi nilikuwa na mkono. Silisemi kwa majivuno. Mjomba mwenyewe alilisema, ila alilisema jikoni kwa mkewe, akidhani dirisha halina masikio.

Mwaka huo Bwana Nasoro, mfanyabiashara ambaye mababu zake walitoka Omani wakafuata njia ya misafara mpaka huku bara, aliagiza mlango wa mbao mbili pamoja na fremu yake. Nyumba ya babu yake ilikuwa imebomolewa upande mmoja na kujengwa upya, na alitaka mlango ufanane na ule wa zamani: maua, minyororo pembeni, na juu kabisa katikati, Bismillahi. Alitualika kwake tuone ule wa zamani ulioliwa na mchwa, akatupa haluwa na kahawa chungu, akatuachia tuupapase tutakavyo. Tulipokuwa tunarudi mjomba alisema jambo ambalo halijawahi kunitoka akilini. "Mimi bega hili limekwisha," akasema. "Atakayemaliza mlango huu vizuri ndiye atakayeishika karakana. Sitazami nani mwanangu wala nani mpwa." Idi alicheka. Mimi usiku huo sikuisikia hata ladha ya mlenda.

Bega la mjomba lilikuwa limekwisha kweli. Akiinua nyundo ya mti mara ishirini, mara ya ishirini na moja ilishuka yenyewe. Ndipo akaamua kununua mashine ya kuchongea, ile yenye mota ya kutundika juu, waya mrefu unaozunguka ndani ya mpira, na kishikio cha kushika kama kalamu ambacho mbele yake unafunga jino la chuma. Mafundi mjini waliiita mkonga. Duka moja karibu na soko lilikuwa na mbili. Mjomba akasema twende wote watatu, na mimi nibebe kipande cha mninga cha kujaribia. Nilikifunga kwenye khanga nikawafuata nyuma, nimefurahi kama mtu anayekwenda harusini.

Moja ilikuwa nyeupe, mpya, inang'aa. Nyingine ilikuwa nyekundu, ya mtumba, rangi imebanduka, mota yake kubwa na mbaya. Mwenye duka akaiwasha ile nyeupe na ikapiga mluzi mpaka watu waliokuwa wananunua misumari wakageuka. "Kasi yake haina mfano," akasema. "Hiyo nyekundu imekaa hapa miaka. Nzito, mvivu, ni ya wazee." Idi macho yalimtoka. Mimi nikaomba nikanyage pedeli. "Binti," mwenye duka akaniambia, "hiyo si cherehani." Wakacheka, na mjomba akatabasamu nao. Lakini ilikuwa kama cherehani, na hilo ndilo nililotaka kulijua. Kazi ya jino ni mguu kwanza kabla ya mkono. Nyekundu, ukiigusa kidogo, ilizunguka kidogo. Ukiongeza mguu, iliongeza. Nikalishindilia jino kwenye mninga na halikusimama, lilikula mbao taratibu na kutoa unga safi. Nyeupe haikujua taratibu. Ukiigusa ililipuka, ukiishindilia ilikwama, kisha moshi. Nikaupinda waya wake ukawa duara la ukubwa wa sinia. Ukashikwa, ukajisokota ndani ya mpira, halafu ukaachia ghafla, na kishikio kikaruka mkononi mwangu. Nikaupinda tena, kikaruka tena. Na kishikio chenyewe kilikuwa kimeshapata moto.

Nikasema. Na mpaka leo najiuliza kama nilisema kwa sauti kubwa mno. "Mjomba, hii nyeupe inaruka ukiipinda, na kwenye fremu hakuna nafasi ya kunyoosha waya. Mninga hautaki mbio, unataka nguvu. Tuchukue nyekundu."

Wale wa misumari walikuwa bado wanasikiliza. Idi akasema, "Baba, leo umekuja kuchagua mashine na mimi au na Zuhura?"

Mjomba alinitazama, akamtazama mwenye duka, akawatazama wale watu kaunta. Nilimwona akihesabu macho. "Tufungie hiyo nyeupe," akasema.

Njiani Idi alitangulia na boksi kichwani. Mjomba akapunguza mwendo mpaka tukalingana, na akasema polepole, "Ulilosema ni kweli, Zuhura. Lakini kweli nayo ina mahali pake, na pale mbele za watu si mahali pake." Nilikuwa msichana mwenye adabu. Nikajibu, "Ndiyo, mjomba." Laiti ningekuwa na umri huu siku ile! Ningemuuliza: mahali pake ni wapi? Kama si pale ambapo jambo linaamuliwa, basi wapi? Jikoni? Dirishani? Kweli inayosubiri mpaka boksi lifungwe ni ya nini? Alijua. Mtu asiyejua ukimkasirikia unamwonea. Yeye alijua, na alinunua heshima ya mwanawe, akanilipisha mimi.

Mkonga ukatundikwa darini. Idi aliutumia kwenye maua ya mbao kubwa, pale ambapo waya ulinyooka vizuri, na sitamnyima haki yake: kazi ilikwenda mbio. Lakini mjomba aliweka sharti moja. Jina la Mungu halichongwi kwa mashine. Kwetu neno kama lile huchongwa na mtu mwenye udhu, na chini ya ubao hutandikwa kitambaa cheupe. Kila kibanzi kinachotoka kwenye herufi huangukia humo, na kazi ikiisha vibanzi huzikwa ubavuni mwa nyumba, mahali pasipokanyagwa, kwa sababu vimetoka kwenye jina. Patasi inatoa kibanzi unachoweza kukiokota. Mashine inatoa vumbi, na vumbi linakwenda kwenye ndala, kwenye chai, kwenye mtaro wa maji machafu. "Vumbi la jina utalizoa vipi?" mjomba alimuuliza Idi, na Idi akasema amesikia.

Neno nilipewa mimi. Bwana Nasoro alileta karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, hati nzuri kupita kiasi, nikainakili kwenye ubao wa juu wa fremu. Siku nne nilichonga. Asubuhi natia udhu, natandika kitambaa, nakaa. Mchana mjomba anaingia bila neno, anaokota vibanzi kimoja kimoja kwa vidole vyake vilivyokakamaa. Nilimaliza nusu ya kwanza, na ule mkia mrefu wa herufi ulitoka laini, ukipitisha kucha hakuna mahali inapokwama. Sijawahi tena kuchonga nikiwa na furaha namna ile. Alhamisi jioni siku zangu zikaingia. Sikungoja kuambiwa. Nilimwendea Bi Tatu jikoni nikamnong'oneza, naye akamwambia mumewe kwa lugha ya watu wazima, kwamba Zuhura atapumzika wiki moja. Mjomba akaitika, "Tutamngoja." Dirisha lilikuwa wazi, na Idi alikuwa mezani kwake.

Ijumaa asubuhi niliingia karakana mara moja tu, kuchukua hotpoti yangu ya chakula niliyoisahau. Jirani mmoja aliniona nikitoka. Mchana mjomba akaenda msikitini. Idi hakwenda.

Ushahidi wa kilichotokea niliupata baadaye sana, lakini hata siku yenyewe ningeweza kukieleza kama angetokea wa kuniuliza. Fremu ilikuwa imelazwa pembeni, karibu na ukuta. Kuufikia ubao wa juu kwa mkonga ilibidi waya upindwe uwe duara la ukubwa wa sinia.

Jumamosi niliitwa sebuleni. Mjomba alikuwepo, Bwana Nasoro, mafundi wawili wa jirani, na Idi amesimama mlangoni. Hakuna aliyeniambia niketi. Herufi mbili za mwisho za nusu yangu zilikuwa zimepasuliwa na mchirizi mrefu kutoka juu hadi chini, wakaniambia, na mimi hata sikuruhusiwa kwenda kuuona. "Jana uliingia karakana?" mjomba akauliza. Nikasema niliingia, nilifuata hotpoti. Idi akasema, "Aliingia, na alikuwa haruhusiwi kuingia. Mama anajua kwa nini haruhusiwi. Neno limemkataa."

Nitalisema lilivyo, kwa kuwa siku ile sikulisema. Alizichukua siku zangu za mwezi, jambo nililomnong'oneza mwanamke mwenzangu jikoni, akaziweka mezani mbele ya wanaume wanne ili kuficha kosa lake. Na alijua sitajibu. Ningejibu nini? Kila neno la kujitetea lilipaswa kupita kwenye mwili wangu. Bwana Nasoro, mtu mwungwana, aliinuka akatazama chini akasema, "Jamani, mambo ya mtoto wa kike hayazungumzwi hivi. Tuyafunge." Yule mzee alinionea huruma, namwombea rehema, lakini uungwana wake ndio ulioniziba mdomo. Yalifungwa kweli, na mimi nikafungiwa ndani yake. Mjomba akasema, akitazama mikono yake, "Zuhura asiguse tena mlango ule."

Ubao uliopasuka mjomba aliutia kiraka mwenyewe, kwa bega lake bovu, wiki mbili nzima, akachonga upya herufi mbili na kumalizia nusu iliyobaki. Mlango ukawekwa, watu wakala pilau, na fundi aliyetajwa alikuwa Idi. Mimi nilipewa msasa. Miezi mitano nilisugua miguu ya vitanda huku nikisikia dirishani wanawake wa mtaa wakimuuliza Bi Tatu kama ni kweli binti alichonga jina la Mungu akiwa vile. Bi Tatu alijibu, "Mimi sijui, jamani." Alijua. Kila mtu katika nyumba ile alijua kitu, na wote walikuwa na adabu.

Mwisho wa mwaka niliondoka, nikaenda Urambo kutengeneza vitanda na makabati ya wakulima wa tumbaku, ambao wakiuza mavuno hawakuulizi wewe ni mwanamke au mwanamume, wanauliza kabati litaisha lini. Kabla ya kupanda treni nilipita lile duka. Mashine nyekundu ilikuwa palepale, na mwenye duka alifurahi kuiondoa. Ninayo mpaka leo, inaning'inia juu ya meza yangu. Waya nimebadilisha mara mbili, grisi natia kila baada ya wiki, na haijawahi kuniruka hata mara moja. Vijana wangu wakitaka kununua ya kwao nawaambia wasisikilize mluzi. Wafunge jino, waupinde waya uwe sinia, wakanyage pedeli kwa kidole gumba cha mguu. Mashine itasema yenyewe.

Niliporudi Tabora na kufungua karakana, Idi alikuwa ameshaiuza ile ya baba yake vipande vipande na kuhamia Dar es Salaam. Kila sikukuu nilikwenda kumwamkia mjomba. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba, mwanangu." Ananipa kikombe, ananiuliza habari za mninga, ananisifia milango niliyochonga. Miaka yote hiyo, mitaa miwili tu katikati yetu, na hakuwahi kuutaja mlango ule.

Sasa turudi ukumbini, kwenye dele langu. Bi Tatu alikuwa amekaa kitandani kwake, mlango wazi, na yeye pia alikuwa amesikia kicheko. Akaniita ndani. Akavuta sanduku kutoka uvunguni akatoa kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya chai. "Mjomba wako alisema nikupe akishafukiwa," akasema. "Hakuvizika. Alisema havizikwi mpaka wewe uvione."

Nikakifungua. Vibanzi vyangu vya siku nne vilikuwemo vyote, vyekundu bado kwa ndani, vimejikunja. Nilivijua kama mtu anavyojua mwandiko wake. Na kwenye pembe ya kitambaa palikuwa na fundo dogo, kama wanawake tunavyofunga sarafu kwenye khanga. Nikalifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na vumbi. Vumbi la mninga, laini kama ugoro.

Patasi haitoi vumbi. Mjomba alirudi kutoka msikitini Ijumaa ile, akapiga magoti sakafuni akalizoa vumbi la jina kwa mikono yake, kwa sababu alikuwa mcha Mungu. Akalifunga fundo. Na kesho yake akakaa kitini mbele ya wanaume wale, akaniuliza kama niliingia karakana.

"Mkazamjomba," nikasema, "alijua siku ileile."

"Alikuwa anaumia, mwanangu. Hujui alivyokuwa anaumia."

"Na mimi?"

Alilia, na sikumbembeleza. Watu wataniona nina roho mbaya. Lakini mtu aliyekaa na kweli miaka thelathini na mitatu uvunguni mwa kitanda, akaniachia niikute akiwa kaburini ambako siwezi hata kumgombeza, hakunipa zawadi. Alitua mzigo wake kichwani kwangu akaenda kulala.

Nilichukua dele kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono wa pili nikatokea barazani. Mwanamke hatokei barazani siku kama ile ila akiitwa. Wawili kati yao walikuwa mafundi walewale wa Jumamosi ile, wazee sasa, mmoja ana fimbo. Nikaweka dele chini, nikakitandika kitambaa mkekani katikati ya vikombe, nikaliacha lile fundo wazi.

"Idi," nikasema, "hili vumbi limetoka kwenye nini?"

Alilitazama. Alikuwa fundi zamani, na fundi hasahau vumbi la mninga. Nikauona uso wake ukielewa. Akajaribu kutabasamu. "Zuhura, dada yangu. Yaliyopita si ndwele."

"Ungeyaacha yapite usingeyachekea sasa hivi. Limetoka kwenye nini?"

"Hapa ni msibani," akasema kwa sauti ya chini. "Mbele za watu. Si mahali pake."

Sikujua kama baba yake alimfundisha sentensi ile au ilikuwa kwenye damu yao. "Hapa ndipo mahali pake," nikamwambia. "Mbele za watu ulisema, mbele za watu utasema."

Yule mzee mwenye fimbo alikuwa ameinama, amechovya kidole kwenye vumbi, anakisugua na kidole gumba. Akamtazama Idi, akangoja.

"Ni mashine," Idi akasema. "Iliruka."

"Mkononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Sema kwa sauti ile uliyochekea."

Akasema, kwa sauti, mpaka wanawake ukumbini wakasikia, "Mkononi mwangu. Zuhura hakuwepo."

Nikavikusanya vibanzi na vumbi, nikafunga kitambaa, nikakiweka mapajani. Sikusamehe, na hakuna aliyethubutu kuniambia nisamehe. Kesho yake asubuhi nilikwenda nyumbani kwa marehemu Bwana Nasoro, na mjukuu wake akanionyesha mahali pa kuchimba ubavuni mwa nyumba, nikavizika vibanzi pamoja na vumbi lake. Lakini siku ile nilikaa palepale barazani, kati ya wale mafundi wawili, nikajimiminia kahawa, nikanywa mpaka ikaisha.